Wifi ana skii, mume ana snoubodi: mimi nishike lipi?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 31, mama wa mtoto mmoja wa kiume. Naishi Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwa mama yangu mzazi. Kazi yangu ni kupamba maharusi: napaka hina na piko, na harusi zikipungua nashona madera. Mume wangu ni mtu wa Pangani. Yuko Austria, ni mpishi katika hoteli moja ya milimani karibu na Innsbruck. Aliondoka mtoto wetu akiwa hajaanza hata kutambaa, na sasa mtoto ana miaka 6. Alhamdulillahi, viza zimetoka. Novemba mimi na mwanangu tunamfuata.

Naomba usilione dogo hili ninalokuandikia, maana limeninyima usingizi. Huko kwao kuanzia Desemba mpaka karibu na Aprili milima ni theluji tupu, na mji mzima unacheza kuteleza. Michezo mikubwa ni miwili. Skii ni mbao mbili ndefu nyembamba, kila mguu na wake, na mikononi unashika fimbo. Snoubodi ni ubao mmoja mpana. Miguu yote miwili inafungwa juu yake, unashuka mlima umesimama ubavu.

Mume wangu anacheza snoubodi. Alifundishwa na wenzake wa jikoni. Akianza kuisimulia namsikia akicheka kama zamani, kicheko ambacho tangu aondoke nilikuwa nimekisahau. Ameshaongea na shule ya mchezo huo, anataka kunilipia mafunzo ya wiki nzima kwa sababu wanaolipa mapema wanapunguziwa. Ananiambia kwenye simu: “Nimechoka kupanda mlima peke yangu. Nataka tupande wote.” Jibu analitaka kabla ya mwisho wa mwezi.

Sasa kuna wifi yangu, dada yake mkubwa. Yeye ndiye aliyetangulia huko, ameolewa na Mwaustria, na ndiye aliyempokea mume wangu akamtafutia kazi. Hata sisi tutafikia kwake, kwa kuwa chumba anachopewa mume wangu na hoteli ni cha mtu mmoja. Nyumba ya wifi wote ni watu wa skii, mpaka binti yao wa miaka 5. Wifi ameniwekea skii zake za zamani, viatu, koti na suruali ya theluji, na anasema atanifundisha mwenyewe. Mwanangu ataandikishwa shule ya skii pamoja na binti yake. Aliposikia habari za snoubodi akaniuliza: “Sasa hivi vitu nimpe nani? Na wewe mama wa mtu unakwenda kufanya nini na mchezo wa wahuni?” Alisema kwa kucheka, lakini nilimsikia.

Shangazi, na mwili wangu nao una habari yake. Nilipokuwa sekondari nilicheza netiboli, goti la kulia likateguka vibaya. Halijawahi kurudi sawasawa. Nikishuka ngazi kwa haraka nalihisi linacheza. Nimesoma kwenye simu kwamba skii inavunja magoti na snoubodi inavunja mikono. Mikono yangu ndiyo shamba langu. Nimepanga nikifika huko nipake hina wanawake wa Kituruki na Kiarabu, wifi anasema wapo wengi. Kwa hiyo naona naambiwa nichague kimoja nikitoe sadaka, goti au mkono.

Mama yangu hataki kusikia lolote. Anasema mwanamke wa Tanga anakwenda kutafuta nini juu ya barafu, na kwamba hiyo ni michezo ya Wazungu, wamezaliwa nayo.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Natamani. Mtoto akishalala nafungua simu naangalia watu wanavyoteleza, moyo unanienda mbio kama vile ni mimi.

Nikisema snoubodi, wifi ataona nimedharau mkono wake kabla hata sijaingia nyumbani kwake. Nikisema skii, mume ataona nimemwacha peke yake tena. Shangazi, nishike lipi?

Wako,
Mpaka hina wa Ngamiani

*

Marahaba, mwanangu. Na hongera kwa viza. Kumlea mtoto peke yako mpaka anafika miaka 6 huku mwenzio yuko ng’ambo si kazi ya mchezo, na umeitaja kwa mstari mmoja tu.

Umeniuliza habari ya mbao, nami nimesoma barua yako nikaona kila ubao una mtu amesimama juu yake. Snoubodi ina mume aliyechoka upweke. Skii ina wifi aliyekupokelea mume, na mwanao yuko upande huohuo. Goti lina kumbukumbu ya uwanja wa shule, mkono una riziki yako. Wote hao wamepewa nafasi ya kusema. Wewe umejiweka mwisho kabisa, ukajipa neno moja: natamani. Nitalirudia neno hilo, lakini kwanza tuongee habari ya mwili, kwa sababu hapo umebeba hofu ambayo nusu yake ina ukweli na nusu yake haina.

Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa muuguzi, na sehemu ya mafunzo yangu niliyapata Ulaya, katika mji ulio chini ya milima, wodi ya mifupa. Miezi ya theluji ndiyo iliyokuwa miezi yetu ya kazi. Ulichosoma kwenye simu si uongo. Wa skii waliletwa zaidi kwa magoti. Mbao zile ni ndefu, na mtu anapoanguka ubao mmoja ukaelekea huku na mguu ukaelekea kule, kano za ndani ya goti ndizo zinazosokotwa. Wa snoubodi waliletwa zaidi kwa vifundo vya mikono, na wengi wao walikuwa wanaoanza. Miguu imefungwa, huwezi kuitanguliza ukajiokoa, basi mtu akienda chini hunyoosha kiganja, na uzito wote unaishia hapo.

Lakini hapo unaposema utoe sadaka goti au mkono, naomba tusimame kidogo. Mambo hayakugawanyika hivyo. Mchezaji wa skii anashika fimbo, na akianguka nayo mkononi kidole gumba kinaweza kupindwa mpaka kano yake ichanike. Ni jeraha linalojulikana sana kule. Wewe koni ya hina unaiminya kwa kidole gani? Kwa hiyo usidhani kwamba skii ingeiacha mikono yako bila dhara lolote. Na snoubodi nayo, ingawa miguu ikifungwa pamoja goti halisokotwi kirahisi, ina mahali pake pa hatari: wakati wa kupanda na kushuka kwenye lifti ya viti, ile ya viti vinavyoning’inia kwenye waya kupandisha watu mlimani, mguu mmoja hufunguliwa, mwingine ukabaki kwenye ubao. Hapo goti linaweza kupinda, hasa kwa mgeni. Michezo yote miwili, tena, inataka kofia ngumu kichwani. Wa snoubodi anayeanza huangukia makalio na kisogo mara kwa mara.

Jingine ambalo video hazikuonyeshi ni kwamba hatari hizi zina dawa zake, japo si kamili. Kwa snoubodi kuna vilinzi vya vifundo vya mikono. Huvaliwa ndani ya glovu au huja vimeshonwa humo humo, na vinapunguza kuvunjika. Mwalimu mzuri pia atakufundisha kuanguka kabla hajakufundisha kuteleza: ngumi zimefungwa, unapokelewa na sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, si viganja. Kwa skii dawa iko kwenye vishikizo, vile vyuma vinavyokamata kiatu. Vimeundwa viachie ubao pale mguu unapolemewa. Ila havijui vimembeba nani. Fundi huvirekebisha kwa kufuata uzito wa mtu, urefu wake, umri, ujuzi, na urefu wa soli ya kiatu. Mtu mzito akivirekebisha vyake, kisha akavivaa mwepesi anayejifunza, vinaweza kukataa kuachia wakati goti linaomba msaada.

Naona umeshaelewa ninakokwenda. Zile skii za wifi yako zimepimwa kwa mwili wa wifi yako. Zawadi ni njema, ipokee kwa mikono miwili, lakini goti lako lisipande juu yake mpaka zimepita dukani kwa fundi. Na viatu ni habari nyingine kabisa. Kiatu cha skii ni kigumu mno. Kikiwa kikubwa mguu unacheza ndani na huwezi kuuongoza ubao, kikiwa kidogo utarudi nyumbani unalia. Viatu hukodishwa kila mahali kule, kwa hiyo unaweza kuvaa koti na suruali yake kwa furaha, ukakodi viatu vya mguu wako, na hakuna aliyedharauliwa.

Goti lenyewe, mwanangu, linahitaji macho ya daktari kabla ya Novemba, iwe utateleza au hutateleza. Goti linalocheza kwenye ngazi litacheza pia kwenye barabara ya barafu ukienda dukani kununua mkate. Nenda hospitali ya Bombo, omba uonwe na watu wa mifupa, waeleze wazi unakokwenda na unachotaka kufanya. Huenda wakakupa mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, ambayo ndiyo inayolishikilia goti. Huenda wakakwambia kitu kitakachofunga mlango mmoja, na hapo utakuwa umeepushwa na kazi ya kuchagua. Swali hili haliwezi kujibiwa na wifi, wala na mume, wala na mimi kwenye safu.

Tuje kwenye kujifunza kwenyewe. Watu wa milimani wana kauli yao kwamba skii ni rahisi kuianza na ngumu kuijua vizuri, na snoubodi ni kinyume chake. Kwa niliyoyaona, ina ukweli mwingi. Kwenye skii miguu iko huru, unatazama mbele, unazipanua mbao nyuma zikae kama herufi V iliyopinduliwa, mwendo unapungua. Siku ya kwanza unaweza kushuka kilima kidogo ukiwa wima. Snoubodi siku zake za mwanzo ni za kuketi thelujini, kuinuka, kuketi tena, na mwili mzima unauma. Anayevumilia siku hizo mara nyingi huanza kuteleza kwa raha haraka kuliko alivyotarajia. Umekulia pwani, basi fikiria ngalawa yenye mirengu yake pande mbili, halafu fikiria mtumbwi mtupu: mmoja unakusamehe mapema, mwingine unakudai kwanza. Viatu vya snoubodi ni laini, unatembea navyo vizuri, na hilo ni raha kubwa. Lakini ukifika mahali tambarare wenzako wa skii watajisukuma kwa fimbo, wewe utafungua mguu mmoja ujikokote. Mambo madogo hayo, na ndiyo yanayoamua kama mtu atarudi mlimani wiki inayofuata.

Sasa niongee na dhana zinazokuzunguka. Moja ni hii ya mama yako, ambayo nadhani imekuingia zaidi kuliko unavyokiri, kwamba theluji ni ya waliozaliwa nayo. Mama anaogopa kukupoteza, na hofu ya mama haijibiwi kwa hoja. Wewe lakini unastahili kujua yaliyokwishatokea. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, pwani hii hii yetu. Akachukuliwa na mama yake Austria akiwa mtoto mdogo, akajifunza skii huko huko unakokwenda, na mwaka 2018 akashuka mlima wa Olimpiki ya Pyeongchang akiwa na bendera ya Kenya. Miaka 20 kabla yake, Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya aliyekuwa hajakanyaga theluji mpaka alipokuwa mtu mzima, alishindana Olimpiki ya Nagano katika skii ya masafa, ile ya kwenda mbali, si ya kuteremka mlima. Alimaliza wa mwisho, na bingwa wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norwei, akamngoja kwenye mstari ili amkumbatie. Lamine Guèye wa Senegali alikuwa Sarajevo mwaka 1984. Na kwetu hapa, mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kilimanjaro na kuteremka sehemu ya njia kwa skii. Barafu moja ya kule juu inaitwa kwa jina la Furtwängler mpaka leo. Theluji na Mtanzania hawajawahi kuwa mbali hivyo.

Dhana nyingine ni ya wifi, ya uhuni. Haikutoka hewani. Snoubodi ilipokuwa changa viwanja vingi viliikataa, na hadi leo Alta huko Utah, Marekani, hawairuhusu. Vijana walioileta walikuwa na kelele zao na mavazi yao, na wazee wa skii hawakupendezwa. Lakini mwanzo wake ulikuwa wa nyumbani kabisa. Mwaka 1965 baba mmoja wa Michigan, Sherman Poppen, aliunganisha skii mbili zikawa ubao mmoja ili mabinti zake wachezee mlimani. Kuanzia 1998 mchezo umo kwenye Olimpiki. Mama wa mtoto anaweza kuucheza bila kupungukiwa heshima. Na mavazi ya michezo yote miwili ni mapana, yanafunika kuanzia shingo hadi kifundo cha mguu, na kofia ngumu inakaa vizuri juu ya mtandio mwepesi. Ramadhani nayo miaka hii inaangukia katikati ya msimu wa theluji, basi panga mafunzo kabla yake au baada yake. Kujifunza kuanguka ukiwa umefunga ni kujitesa.

Sasa nikuulize kuhusu mume. Ni mpishi wa hoteli ya milimani. Wageni wa hoteli hizo wanakuja lini? Wakati wa theluji, tena zaidi wikiendi na sikukuu. Yaani siku ambazo mlima uko wazi na mtoto hana shule, yeye huenda yuko jikoni. Anaposema anataka mpande wote, namwamini, na maneno yake yamenigusa. Ila je, mmekaa mkahesabu siku zake za mapumziko? Inawezekana siku zenu wawili mlimani zikawa chache sana, na siku nyingi ukawa na wifi na watoto. Inawezekana pia siku hizo chache ndizo zitakazojenga upya ndoa iliyokaa kwenye simu muda mrefu, na zikawa na thamani kuliko zote. Mimi siwezi kupima hilo. Ninyi wawili mnaweza, mkianza kulizungumza kwa ratiba ya jikoni mbele yenu.

Na kuna jambo ambalo huenda hakuna aliyekwambia: mwenye skii na mwenye snoubodi wanapanda lifti moja na kushuka njia moja. Njia zimewekewa rangi, buluu ni nyepesi, nyekundu inafuata, nyeusi ni ya wajuzi. Familia nyingi zimechanganyika. Mume akiwa na ubao wake na wewe na mbao zako, bado mtakaa kiti kimoja mkipanda na kunywa chai meza moja mkishuka. Tena, mwanzoni hutaweza kuwa naye hata mkiwa na ubao wa aina moja, kwa kuwa yeye anajua na wewe utakuwa kwenye kilima cha wanaoanza na mwalimu. Kwa hiyo lile fikira kwamba ukishika skii umemwacha, liangalie upya. Na lile la wifi kwamba ukishika snoubodi umemkataa, nalo hivyo hivyo.

Wifi namfikiria sana. Yeye ndiye aliyekuwa mgeni wa kwanza, bila wifi wa kumpokea. Pengine skii ndiyo iliyomwingiza katika ukoo wa mumewe, na anakupa kile kilichomsaidia yeye. Au pengine anataka mwenzake wa kuongea naye Kiswahili kwenye lifti. Muulize: “Wifi, wewe ulijifunzaje, nani alikushika mkono?” Mwache asimulie. Jibu lake litakueleza kama anachotaka ni skii zake zivaliwe au ni wewe uwe karibu. Kama ni ukaribu, njia za kuutimiza ni nyingi.

Hata hivyo nakuonya kidogo kuhusu kufundishwa na ndugu, awe wifi au mume. Anayekupenda hana subira ya mwalimu, na wewe huwezi kumwambia ndugu wa mumeo kwamba umechoka na unataka kuketi. Mnalala nyumba moja baada ya hapo. Mwalimu wa shule akikukasirisha unamlipa mnaachana.

Mtoto nimemwacha nyuma, kumbe ana uzito. Kule watoto wengi huanzishwa skii, hata wa miaka 3 au 4, na snoubodi huja baadaye kidogo wakishapata nguvu na urari. Wifi hajakosea kumwandikisha skii. Swali ni wewe unataka kuwa wapi yeye anapojifunza. Kuna mama anayetaka kujifunza sambamba na mwanawe, waanguke pamoja. Kuna mama ambaye amekuwa mama usiku na mchana miaka yote, na saa mbili za kuwa na kitu chake mwenyewe ni dawa. Sijui wewe ni yupi mwaka huu, na wala si lazima uwe yuleyule mwakani.

Hizo ndizo sababu nasita kukwambia shika hili. Ukianza skii, unapata mwanzo mwepesi, unakuwa na mtoto na wifi, na goti lako unaliweka mahali panapotaka uangalifu mkubwa. Ukianza snoubodi, unaingia kwenye furaha ya mume, goti linapumua zaidi, na mikono inakuwa hatarini hasa siku zile za mwanzo, wakati hujapata mteja hata mmoja wa hina huko. Fikiria pia kukodi vyote, siku ya huku na siku ya huku, kwenye shule inayofundisha michezo yote miwili. Faida yake mwili wako utasema wenyewe. Hasara yake ni fedha, na kwamba utakuwa umejitwika maanguko ya mwanzo mara mbili, ilhali maanguko ya mwanzo ndiyo mabaya.

Au msimu wa kwanza usichague kabisa. Tirol, jimbo ambamo Innsbruck ipo, wana kitu kinachopendwa na kila rika, kigari cha mbao kisicho na magurudumu, cha kuketi na kuteremka nacho kwenye njia maalumu. Wewe, mume na mtoto mnaweza kufanya hivyo hata jioni baada ya kazi. Na Seefeld, karibu na Innsbruck, ni mji unaojulikana kwa skii ya masafa, ile ya Philip Boit. Hapo ndipo mbio hizo zilipofanyika Innsbruck ilipoandaa Olimpiki mwaka 1964 na 1976. Kisigino kiko huru, njia nyingi ni tambarare, goti halisokotwi kama kwenye mteremko. Hakuna kati ya wifi na mume anayeidai. Lakini kusubiri nako kuna bei: mume anaweza kusikia “baadaye” kuwa ni “hapana”, kwa kuwa ameisikia “baadaye” nyingi tangu aondoke. Na hamu yako inaweza kupoa, jambo ambalo mimi ningelisikitikia.

Hamu hiyo ndiyo nataka uirudie. Usiku unapoangalia video, ni zipi unazozirudia? Unamtazama yule anayekata kona kwa mbao mbili, au yule anayelaza ubao mmoja mpaka mkono unagusa theluji? Usijibu kwa kumfikiria mtu. Miaka yote hii umeamua kwa kuwafikiria watu: mtoto ale nini, mteja anataka ua gani, mama asikasirike. Hapa kuna kitu kimoja ambacho unaweza kukitaka kwa sababu tu unakitaka, na ningependa mumeo akisikie hicho kabla hajasikia jina la mchezo. Mpigie mkiwa na nafasi, mwambie: “Natamani kuteleza. Naogopa goti langu na mikono yangu. Sitaki wifi aumie. Tusaidiane kufikiri.” Hajawahi kusikia kwamba unatamani, kwa hiyo anakushawishi kwa nguvu kama mtu asiyetaka. Huenda akalegeza kamba mwenyewe.

Kuhusu mwisho wa mwezi, kuna maswali ya kumpa mumeo ayafikishe shuleni: malipo yakishafanyika je, wanaruhusu kubadilisha kutoka snoubodi kwenda skii, au kusogeza tarehe, kama daktari wa Bombo atasema vingine? Na aulize kazini kwake kama bima yenu italipia mtu kuteremshwa kutoka mlimani akiumia, kwa helikopta ikibidi, maana bima ya kawaida mara nyingi haifiki huko na gharama yake ni kubwa. Punguzo la shule lisiwaharakishe kabla hayo mawili hayajajibiwa.